Injini Ndogo, Moto wa Kweli: Kumbukumbu ya Chama cha SMEE cha London

Mwaka 1898 mhandisi kijana wa Uingereza, Percival Marshall, alifanya mambo mawili ambayo matunda yake yangali yanachumwa. Januari alitoa toleo la kwanza la gazeti la The Model Engineer and Amateur Electrician, lililokusudiwa watu wanaounda mashine nyumbani baada ya saa za kazi. Mwaka huohuo wapenzi wa kazi hiyo wa London, yeye akiwa mbele yao, waliunda chama. Kilianza kwa jina la Society of Model Engineers, baadaye kikajiongezea habari ya majaribio na kuwa Society of Model and Experimental Engineers. Wenyewe hukiita SMEE kwa ufupi. Ndicho chama kikongwe kuliko vyama vyote vya uhandisi wa modeli duniani, na kimeshapita miaka 125 bila kufa.

Modeli wanayoizungumzia watu hawa si pambo la kabatini. Ni injini kamili iliyopunguzwa ukubwa: ina boila, ina moto, ina maji yanayochemka na pistoni inayosukumwa na mvuke. Nyingine hutosha kiganjani. Nyingine ni kichwa cha garimoshi kinachobebwa na watu wawili, ambacho kikitiwa makaa ya mawe na kuwekwa relini huvuta mabehewa yenye watu kadhaa waliokaa juu yake. Na aliyeiunda amekereza, ametoboa, amepiga tupa na kulehemu vipande vyake kwa mikono yake, mpaka skrubu ambazo ukiangusha moja sakafuni utaitafuta kwa sumaku. Hakuna anayemlipa. Injini moja ya reli humla mtu jioni zake za miaka mitano, kumi, na wapo waliotumia zaidi.

Naamini kilichokipa chama hiki umri mrefu ni kwamba tangu mwanzo kiliuona ujuzi kuwa mali ya kugawana. Katika Uingereza ya karne ya 19 ufundi wa chuma ulipitia uanagenzi wa miaka mingi, na mengi aliyoyajua fundi yalikuwa siri ya karakana yake. Upande wa pili walikuwako matajiri waliokereza kwa starehe. Hao walinunua mashine za Holtzapffel za London, zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa na kuuzwa kwa bei kubwa vilevile, wakachonga juu yake visanduku na vikombe vya pembe za ndovu na mpingo, bidhaa zilizosafirishwa kwa wingi kutoka bandari za Afrika Mashariki. Karani wa benki mwenye hamu ya kujua jinsi silinda inavyotobolewa hakuwa na mlango wa kuingilia, si kwa mafundi wala kwa matajiri. Marshall alimfungulia. Gazeti lilichapa michoro yenye vipimo vyote, vijitabu vya bei ndogo vikafuata, na chamani karani huyo aliweza kukaa meza moja na fundi wa reli, daktari na mtengeneza saa, kila mmoja akiwa na kipande cha chuma mfukoni cha kuonyesha.

Bahati nyingine ilitukia wakati uleule. Stuart Turner, mhandisi aliyekuwa akiangalia mtambo wa umeme huko Shiplake, karibu na Henley-on-Thames, alibuni injini ndogo ya mvuke na kuanza kuwauzia watu vipande vyake vya chuma cha subu vikiwa vibichi. Mnunuzi alipata silinda isiyotobolewa, gurudumu lenye kingo za mchanga na mchoro. Kazi iliyobaki ilikuwa yake. Jambo hili lilibadilisha kila kitu kwa mtu wa nyumbani, maana kuyeyusha chuma kunahitaji tanuru na kalibu, vitu visivyowekwa chumba cha nyuma cha nyumba ya mjini. Mpaka leo wanaoanza wengi hupewa ushauri uleule: nunua seti ya Stuart 10V, uikamilishe.

Inafaa tuikague hiyo 10V, kwa sababu ndiyo shule ya watu wengi katika historia hii. Ni injini ya kusimama wima, silinda juu na kranki chini. Kipenyo cha ndani cha silinda ni robo tatu ya inchi, na mwendo wa pistoni ni robo tatu vilevile. Gurudumu lake zito, ambalo kazi yake ni kuivusha kranki pale mwisho wa kila mwendo ambapo pistoni haina nguvu ya kuisukuma, lina upana wa inchi 3. Kwanza unasawazisha uso mmoja wa chuma ili upate mahali pa kupimia. Bila uso huo hakuna kipimo utakachokiamini. Kisha unalitoboa tundu la silinda katika mashine ya kukereza, na tundu hilo lazima lisimame pembe mraba kamili na uso wa chini, la sivyo pistoni itasugua upande mmoja na injini itakwama kabla haijazunguka mara moja.

Kazi ngumu inakuja kwenye njia za mvuke. Ubavuni mwa silinda kuna uso bapa wenye nyufa tatu nyembamba: mbili za pembeni huingiza mvuke juu na chini ya pistoni, ya katikati hutoa mvuke uliokwisha kutumika. Juu yake hupita valvu ya kuteleza, kijisanduku kisicho na kifuniko upande mmoja, kinachosukumwa mbele na nyuma na kipande cha duara kilichofungwa nje ya kitovu cha mhimili. Valvu ikichelewa kidogo, mvuke unaingia pistoni ikiwa imeshaondoka. Ikiwahi mno, mvuke unaipinga pistoni inayorudi. Fundi mpya hukaa na injini yake iliyokamilika, inang'aa, haizunguki, mpaka anapolegeza skrubu moja, akazungusha kile kipande cha duara kiasi kidogo, akakaza tena. Hapo inaondoka. Wengi hujaribu kwanza kwa hewa ya pampu, na injini huenda bila shida. Siku ya mvuke wa kweli hutema maji pande zote, kwa sababu silinda ya baridi hugeuza mvuke kuwa maji tena, na maji hayabanwi. Ndiyo maana silinda hutiwa vibomba vya kutolea maji, vinavyoachwa wazi mpaka chuma kishike moto.

Niliposoma michoro ya injini hizi mara ya kwanza, kilichonikamata ni skrubu. Chama cha wanasayansi kiitwacho British Association kilipitisha miaka ya 1880 mpangilio wa skrubu ndogo unaoanza na namba 0, yenye unene wa milimita 6 na mwendo wa uzi wa milimita 1. Kila namba inayofuata, mwendo wa uzi ni sehemu tisa za kumi za ule wa namba iliyotangulia. Mpangilio huo uliwafaa watengeneza vyombo vya simu na vya maabara, nao mafundi wa modeli wakaushika kwa mikono miwili. Viwanda vikubwa vimeshauacha kitambo. Mafundi wa modeli bado wanautumia, kwa kuwa nati ya vipimo hivyo huonekana kwa uwiano sahihi kwenye injini ndogo.

Uwiano ndio mzizi wa neno majaribio katika jina la chama. Msomaji wa huku kwetu atalielewa vizuri akikumbuka zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59 zilizopanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, zilizojengwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mount Gelai ingali inaonekana Makumbusho ya Reli Nairobi. Ina urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa tani 252 hivi. Tuseme fundi anataka kuiunda kwa kuigawa kwa nane, ili ikae kwenye njia ya reli ya inchi 5, ambayo ni moja kati ya vipimo maarufu vya kazi hii. Urefu utashuka kufika karibu mita 4. Uzito hautagawanyika kwa nane. Utagawanyika kwa nane mara tatu, kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, yaani kwa 512, na mashine nzima itakuwa na takriban nusu tani. Eneo la nje la boila nalo litagawanyika kwa 64 tu. Kwa hiyo, kila lita ya maji ndani ya boila ndogo imezungukwa na chuma kingi zaidi kinachopoteza joto kuliko lita ileile ndani ya boila kubwa.

Mvuke wenyewe haujui kama umepunguzwa. Maji huchemka vilevile, moshi una masizi yaleyale, na bonge la makaa halikubali kuwa dogo kupita kiasi. Mabomba ya moto ya boila kubwa, ukiyapunguza kwa nane kama mchoro unavyosema, yataziba kwa majivu kabla ya chakula cha mchana. Mbunifu wa modeli hulazimika kuweka mabomba machache na mapana zaidi, huku akihakikisha kwa nje mashine inafanana na mama yake. Boila yenyewe mara nyingi huundwa kwa shaba nyekundu, iliyounganishwa kwa lehemu ya fedha inayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600. Chuma cha pua kingefaa kwa nguvu, ila kutu inayokula milimita moja ya boila ya garimoshi la kweli haimtii mtu hofu; milimita hiyohiyo kwenye modeli inaweza kuwa sehemu kubwa ya unene wote wa bamba.

Kutokana na maswali hayo kulizuka ugomvi mashuhuri kuliko yote katika fani hii. Miaka ya mwanzo ya 1920, rai iliyotawala ilikuwa ya Henry Greenly, mbunifu mwenye jina kubwa aliyefanya kazi na kampuni ya Bassett-Lowke ya Northampton. Kwa njia nyembamba ya reli ya inchi 2½, wakubwa wa fani walipendelea boila za moto wa spiriti na aina nyingine nyepesi; injini ndogo kiasi hicho inayokula makaa na kumvuta mtu mzima ilionekana ndoto. Akatokea mtu aliyejiita LBSC, herufi za reli ya London, Brighton and South Coast aliyowahi kuifanyia kazi. Marafiki walimwita Curly Lawrence. Aliandika gazetini kwamba boila iliyopangwa kama ya garimoshi la kweli, yenye kisanduku cha moto na mabomba mengi, inaweza kuchoma makaa katika kipimo hicho na kuvuta mtu. Barua zikajibizana, nyingine kwa maneno makali, na mabishano hayo yakabaki na jina la Vita vya Boila.

LBSC hakuishia kwenye maneno. Alikuwa na injini yake, Ayesha, aliyoiunda mwenyewe, na ilipopambanishwa hadharani na mashine ya upande wa pili, Ayesha ilivuta watu. Hapo ndipo uzuri wa utaratibu wa watu hawa ulipojidhihirisha kwangu. Greenly alikuwa na sifa, vitabu na kampuni nyuma yake. LBSC alikuwa na kichwa kimoja kidogo cha garimoshi na makaa mfukoni. Mkusanyiko uliokubaliana kwamba injini ndiyo hakimu haukuwa na njia nyingine ila kukubali. Mwaka 1924 LBSC alianza safu yake katika gazeti la Marshall, akaandika, pamoja na vipindi vya kuzozana na wahariri, karibu mpaka kifo chake 1967. Michoro yake ya injini kama Tich, kichwa kidogo cha magurudumu manne cha njia ya inchi 3½, ilifuatana na maelezo ya hatua kwa hatua kwa lugha ya mtu anayezungumza nawe begani. Hakudhani msomaji anajua chochote. Ushawishi wake ulivuka bahari: Marekani, Carl Purinton wa Massachusetts na wenzake waliunda udugu wa wapenda mvuke miaka ya mwanzo ya 1930, na vyama vya huko vinautambua mzizi huo.

Kati ya vitu vilivyodhaniwa haviwezi kupunguzwa kilikuwamo injekta, na hiki nitakaa nacho kidogo kwa sababu bado kinanishangaza. Henri Giffard, Mfaransa, alikipatia hataza mwaka 1858. Ni bomba lisilo na kitu kinachosogea ndani yake, lakini huchukua mvuke wa boila na kuutumia kuingiza maji baridi ndani ya boila ileile, dhidi ya shinikizo lilelile. Siri yake ni mwendo. Mvuke ukipita kwenye koni nyembamba hukimbia kwa kasi kubwa sana. Ukikutana na maji baridi hugeuka maji ghafla na kuyaachia mwendo wake, na maji hayo yakifika kwenye koni inayopanuka hupunguza kasi, na kasi iliyopotea hugeuka kuwa shinikizo linalotosha kuifungua valvu ya boila. Kwenye modeli matundu ya koni hizo huwa na upana unaokaribia milimita moja au chini yake. Chembe ya uchafu ni kizuizi, mkwaruzo wa kekee ni kizuizi, maji yaliyopata joto tangini ni kizuizi. Mafundi wamezichonga kekee zao wenyewe kwa ajili ya koni hizo, wakapeana michoro, na leo injekta ndogo zinafanya kazi kwenye njia za reli za klabu kila mwisho wa wiki.

Mwaka 1907 Marshall aliandaa maonyesho ya kwanza ya Model Engineer katika ukumbi wa Royal Horticultural, London. Maonyesho hayo yalikuja kuwa sikukuu ya fani nzima, na SMEE ilikuwa mwenyeji wa kudumu humo, wanachama wakizisimamia injini zao zikiwa zinaenda na kujibu maswali ya watoto na ya wahandisi wa viwandani kwa uvumilivu uleule. Zawadi kubwa kuliko zote ikawa kombe la Duke of Edinburgh. Mwanamke mmoja, Cherry Hill, alilitwaa mara tisa. Aliunda injini za kukokota za shambani za karne ya 19, hasa zile za maumbo ya ajabu ambazo nyingi hazikubaki hata moja, akizifufua kutoka kwenye hati za hataza na michoro ya zamani kwa kipimo cha moja kwa 16. Vifundo vya mnyororo, vijiko vya mafuta, skrubu za mlango wa moto, vyote vilikuwa mahali pake, na injini ziliweza kwenda. Modeli zake nyingi zimehifadhiwa na taasisi ya wahandisi mitambo ya Uingereza, London. Kama kuna jina moja la kuwafundisha wasichana wa vyuo vyetu vya ufundi, ningeanza na hilo.

Wakati wa vita viwili vikuu makaa yalikuwa adimu, chuma kilipelekwa kwingine, na karakana nyingi za nyumbani zilifanya vipande vidogo kwa ajili ya viwanda. Amani ilileta kitu kipya. Kampuni ya Myford, iliyoanzishwa 1934 huko Beeston karibu na Nottingham, ilitoa mwaka 1946 mashine ya kukereza ya ML7, imara kuliko za bei yake zilizotangulia na ndogo kiasi cha kukaa kwenye banda la bustani. Haitakuwa kutia chumvi kusema kwamba sehemu kubwa ya injini ndogo za Uingereza za nusu ya pili ya karne ya 20 zilizaliwa juu ya Myford. Marshall mwenyewe aliiona alfajiri hiyo tu. Alifariki 1948, baada ya kulihariri gazeti lake kwa miaka 50. Chama kina makao yake katika nyumba ya Loughborough Junction, kusini mwa London, iitwayo Marshall House kwa heshima yake. Humo mna karakana, maktaba na ukumbi wa mihadhara.

Kinachoniridhisha zaidi katika mambo ya chama hiki na ndugu zake ni nidhamu ya boila, ijapokuwa haipigwi picha wala haipewi kombe. Boila yenye shinikizo la pauni 90 kwa inchi ya mraba, mtoto wa miaka sita akiwa amekaa nyuma yake, si mchezo. Kwa hiyo vyama vya Uingereza vina kanuni za pamoja za upimaji. Boila mpya hujazwa maji baridi mpaka hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu mpaka shinikizo lifike mara mbili ya lile la kazi, mkaguzi wa chama akitazama kila kiungo. Maji hutumika kwa sababu hayabanwi: bamba likipasuka, shinikizo hushuka papo hapo na yanayomwagika ni matone. Baadaye, kila baada ya miaka kadhaa, hupimwa tena kwa mara moja na nusu, na katikati hapo hupimwa kwa mvuke wake, kuhakikisha valvu ya usalama inafunguka kwa wakati. Mkaguzi ni mwanachama mwenzako, na haruhusiwi kuipima boila aliyoiunda mwenyewe. Anaweza kuwa rafiki yako wa miaka 20. Geji isipokaa, cheti hakitoki.

Marshall House siku hizi hufundisha wanaoanza ambao hawajawahi kugusa kerezo: kunoa kisu, kusoma mikrometa, kukata uzi wa skrubu, kulehemu shaba. Umuhimu wa mafunzo hayo umeongezeka, kwa kuwa mafundi waliolelewa na karakana za reli na viwanda vya meli wanazidi kupungua, na shule nyingi za Uingereza zimefunga karakana zao za chuma. Wanaokuja sasa ni watu wa kompyuta, walimu, wauguzi. Wanakuja pia na vyombo vyao: michoro ya kompyuta, mashine za kukata zinazojiendesha, kalibu zilizochapwa kwa plastiki. Wapo wazee wanaouliza kama kipande kilichokatwa na kompyuta kimeundwa na nani. Mimi naona chama kilikwisha kulijibu swali hilo siku kilipojiita cha majaribio. LBSC naye alipewa nafasi pasipo kuulizwa amejifunzia wapi. Kijana akileta leo boila yake ya kwanza, mabamba yakiwa yamekatwa kwa mashine au kwa msumeno wa mkono, inajazwa maji baridi, inafungwa kwenye pampu, na mkaguzi anavaa miwani yake na kuitazama geji.